Karti ya Medicaid: kwa nini ndugu zetu walio Marekani wanaipoteza, na kliniki inaweza kuwasaidia nini

Familia nyingi za Uvira, Fizi, Goma, Kalemie na Bunia zina ndugu waliopelekwa Marekani kama wakimbizi, wengi wakipitia kambi za Nyarugusu, Kakuma, Nakivale au Kyangwali. Simu za kutoka kule zinaleta habari za kazi, za baridi, za watoto wanaosahau lugha. Siku hizi kuna habari nyingine inayorudi: karti ya matibabu imekatwa, lopitali imetuma karatasi ya deni la maelfu ya dola, na pesa ya kutuma nyumbani mwezi huu haipo. Aliye huku anashangaa. Si walisema mkimbizi kule anatibiwa bure?

Bon, tuanze mwanzo. Karti hiyo ni ya Medicaid. Medicaid si lopitali wala shirika la msaada; ni bima ya serikali kwa watu wenye kipato kidogo. Rais Lyndon Johnson aliitilia sahihi tarehe 30 Julai 1965, siku moja na Medicare, ambayo hasa ni bima ya wazee. Hata Wamarekani wenyewe wanachanganya hayo majina mawili. Inalipwa kwa pesa za serikali kuu ya Washington pamoja na pesa za kila jimbo, na kila jimbo linaiendesha kwa namna yake chini ya sheria za jumla. Njo maana hata jina linabadilika: kule California ni Medi-Cal, kule Tennessee ni TennCare, na Arizona, jimbo la mwisho kujiunga mwaka 1982, inaiita AHCCCS. Mtu akihama kutoka Arizona kwenda Iowa hahami na karti yake. Anaomba upya.

Katika mituweli zetu za afya, mwanamemba anachanga ndipo atibiwe. Kwa Medicaid, anayestahili hachangi, au anachanga kidogo sana, lakini anapaswa kuonyesha tena na tena kwamba bado anastahili: anaishi wapi, anapata mshahara gani, ana watoto wangapi, yuko nchini kwa karatasi gani. Hapo kwenye makaratasi ndipo wengi wanaanguka.

Kati ya serikali na munganga

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba kati ya serikali na munganga mara nyingi kuna mtu wa tatu, yaani kampuni ya bima. Karibu watu watatu kati ya wanne wenye Medicaid wamewekwa chini ya kampuni kama hizo. Jimbo linailipa kampuni kiasi fulani kila mwezi kwa kila kichwa, mtu awe mgonjwa au mzima, halafu kampuni ndiyo inayofanya mkataba na kliniki na lopitali. Mgonjwa ana haki ya kuchagua kampuni. Asipochagua, jimbo linamchagulia, na kwa kawaida anapewa siku 90 za kubadili bila kueleza sababu. Lakini barua inayosema hivyo inafika katikati ya barua nyingine kumi, na mtu aliyefika juzi haijui iliyo ya maana na ya matangazo tu.

Kampuni hizo zinatuma taarifa kwa kliniki kila mara. Dawa hii imetoka kwenye orodha, tumia ile. Picha ya kichwa sasa inahitaji ruhusa kabla haijapigwa. Fomu ya zamani haipokelewi tena. Namba ya mkalimani imebadilika. Kwa nje ni karatasi za biro tu, lakini kliniki isipozisoma hailipwi. Na kliniki nyingi ndogo zina mtu mmoja au wawili wa kushughulikia mambo hayo, huku zikiwa na mikataba na kampuni nne au tano, kila moja na kanuni zake. Juu ya hapo Medicaid huwalipa waganga kidogo kuliko Medicare au bima za binafsi. Ndiyo sababu wengine hawapokei wagonjwa wapya wa Medicaid, hata kama jina lao liko kwenye orodha ya kampuni. Mkimbizi anayepiga simu kliniki tano na kukataliwa na zote anaweza kufikiri anakataliwa kwa sababu ni mgeni. Mara nyingi sababu ni pesa.

Kuna kanuni moja ambayo kila familia ingefaa kuijua kwa moyo. Kliniki ikishakubali Medicaid kwa huduma fulani, inapaswa kuchukua malipo ya Medicaid kuwa malipo kamili. Haina ruhusa kumtoza mgonjwa ile tofauti. Kwa hiyo mama anayepata karatasi ya deni kwa huduma ambayo karti yake ilipokelewa asikimbilie kulipa wala kukopa kwa ndugu. Apige kwanza namba iliyo nyuma ya karti, aulize.

Karti yenyewe ni kipande cha plastiki tu. Haki ya kutibiwa inaweza kuwa imekwisha mwezi uliopita na karti bado iko safi ndani ya pochi. Njo maana mpokezi wa kliniki nzuri anaangalia kwenye kompyuta kila mgonjwa anapokuja, si mara ya kwanza tu. Mpokezi huyo ndiye mara nyingi wa kwanza kuona kwamba siku za kujaza upya zinakaribia. Akisema neno pale pale, familia inaokoka. Akinyamaza, wanakuja kujua siku ya ugonjwa.

Barua isiyofika

Wakati wa korona, majimbo yalizuiwa kuwaondoa watu kwenye Medicaid. Kizuizi hicho kiliisha tarehe 31 Machi 2023, na majimbo yakaanza kukagua kila mtu. Zaidi ya watu milioni 25 waliondolewa. Karibu saba kati ya kila kumi hawakuondolewa kwa sababu walionekana wana pesa nyingi. Waliondolewa kwa sababu ya makaratasi: fomu haikurudi, barua ilienda anuani ya zamani, hati moja ilikosekana.

Kwa Wakongomani kuna matatizo ya ziada. Familia mpya huhama nyumba mara kwa mara katika mwaka wa kwanza, ikitafuta kodi ya chini, na barua inabaki kwenye sanduku la nyumba ya kwanza. Majina yetu matatu, jina, jina la pili na la ubatizo, yanageuzwa geuzwa: kwenye karti moja Mukongomani ana jina hili la ukoo, kwenye nyingine ana lile. Na wakimbizi wengi wameandikwa wamezaliwa tarehe 1 Januari kwa sababu siku ya kweli haikujulikana. Kompyuta inapokuta majina mawili karibu sawa yenye tarehe moja ya kuzaliwa, inachanganya watu au inakataa wote wawili.

Halafu kuna lugha. Sheria ya haki za raia ya mwaka 1964 na sheria ya bima ya afya ya mwaka 2010 zinaitaka kliniki inayopokea pesa za serikali kuu itoe mkalimani bila malipo. Mtoto hapaswi kugeuzwa mkalimani wa mama yake, isipokuwa pale hatari ni ya haraka na hakuna mwingine. Bado watoto wa miaka kumi wanasikika wakitafsiri habari za tumbo la uzazi, kwa sababu tu hakuna aliyesema mkalimani yupo na ni bure.

Na mkalimani wa Kiswahili si lazima awe wa Kiswahili chetu. Mgonjwa wa Baraka akisema alipigwa shindano, mkalimani aliyekulia Mombasa anaweza kusikia habari ya mashindano. Akisema ana tansio, huyo wa Mombasa amezoea presha. Mtu anaruhusiwa kusema wazi kwamba anataka mkalimani wa kutoka Kongo, au wa Kibembe, Kinyamulenge, Mashi, Lingala. Hatapatikana kila mara, lakini lugha hiyo ikishaandikwa kwenye faili ya mgonjwa, kliniki inajua kumtafuta mapema.

Sheria ya Julai 2025

Yote hayo yalikuwepo. Sasa kuna kubwa zaidi. Tarehe 4 Julai 2025 Rais Donald Trump alitia sahihi sheria kubwa ya kodi na matumizi ambayo inabadilisha Medicaid. Tangu zamani mkimbizi alistahili Medicaid bila kungoja ile miaka mitano wanayongojeshwa wahamiaji wengine wengi. Kuanzia tarehe 1 Oktoba 2026, mtu mwenye hadhi ya ukimbizi tu, au aliyepewa hifadhi tu, hatahesabiwa tena kwa pesa za serikali kuu. Wanaobaki ni raia, wenye karti ya kijani, yaani makao ya kudumu, na makundi machache kama vile Wakuba na Wahaiti walioingia kwa mpango maalum.

Hesabu yake ni hii. Mkimbizi anaruhusiwa kuomba karti ya kijani baada ya kukaa Marekani mwaka mmoja, si kabla. Kuna msaada mwingine wa matibabu wa muda kwa wakimbizi wapya wasiostahili Medicaid. Zamani ulikuwa wa miezi 12. Tangu tarehe 5 Mei 2025 umepunguzwa kuwa miezi 4. Mwezi wa tano mpaka wa kumi na mbili, mtu huyo yuko wapi? Na baada ya kuomba, faili inaweza kukawia. Bima ya kununua sokoni kwa kusaidiwa na serikali, ambayo ingeweza kuziba pengo hilo, nayo inafungwa kwa wakimbizi kuanzia Januari 2027. Si kila mlango umefungwa: majimbo yaliyochagua kuwahudumia watoto na wanawake wenye mimba walio nchini kihalali yanaweza kuendelea. Kwa hiyo mama mjamzito asiamue mwenyewe kwamba hastahili kwa sababu bwana yake alikataliwa.

Aliyetimiza mwaka na hajaomba karti ya kijani basi asikae akingoja. Zamani ilikuwa karatasi ya kazi na safari. Sasa ni karatasi ya matibabu pia. Akiipata, aipeleke ofisi ya Medicaid ya jimbo lake, isiishie kwenye kabati.

Sheria hiyo ina jambo lingine kwa watu wazima wa miaka 19 hadi 64 waliopata Medicaid kupitia upanuzi ulioanza mwaka 2014. Majimbo 40 yaliukubali. Texas na Tennessee, kwa mfano, hayakuukubali, Kentucky na Iowa yaliukubali. Mwishoni mwa 2026 watu hao wataanza kukaguliwa kila miezi sita badala ya kila mwaka. Na ifikapo Januari 2027 watapaswa kuonyesha saa 80 za kazi, masomo au kujitolea kwa mwezi. Mzazi mwenye mtoto wa miaka 13 au chini, mwanamke mwenye mimba na mtu mwenye ugonjwa mzito wameachwa nje ya sharti hilo, ila wengine watapaswa kuonyesha kwamba wameachwa nje. Ndugu zetu wengi wanafanya kazi kuliko saa 80: viwanda vya nyama, maghala, hoteli. Shida haiko kwenye kazi, iko kwenye kuithibitisha. Jimbo la Arkansas lilijaribu sharti kama hilo mwaka 2018, na zaidi ya watu 18,000 walipoteza bima katika miezi michache kabla jaji hajalisimamisha mwaka uliofuata. Wengi walikuwa wafanyakazi. Hati za mshahara zisitupwe.

Milango inayobaki wazi

Aliyepoteza karti hajakosa pa kwenda. Kuna vituo vya afya vya jamii karibu 1,400 vinavyosaidiwa na serikali kuu, vyenye matawi mengi, ambavyo vinapokea mtu mwenye bima au asiye nayo na kupanga malipo kulingana na kipato. Vingi vina watu wa kusaidia kujaza fomu za Medicaid, na katika miji yenye wakimbizi wengi vingine vina wafanyakazi wanaosema Kiswahili. Kwa aliye bado na karti, Medicaid inapaswa pia kumpatia usafiri wa kwenda kwa munganga kama hana njia. Huduma hiyo ipo kila jimbo na wagonjwa wengi hawajawahi kuiomba. Gari huombwa siku chache kabla.

Katika hatari ya ghafla, sheria ya mwaka 1986 inazilazimisha lopitali zenye chumba cha dharura kumchunguza yeyote anayefika na kumtuliza, bila kuuliza pesa kwanza. Deni linafuata baadaye. Lopitali zisizo za faida, ambazo ni nyingi, zinatakiwa na sheria kuwa na mpango wa kupunguza au kufuta deni la maskini, na mgonjwa ana siku 240 tangu karatasi ya kwanza ya deni kuomba mpango huo. Fomu yake ni bure na inapatikana biro ya malipo ya lopitali yenyewe. Ndugu akipiga simu kuomba michango ya kulipa deni la lopitali, aulizwe kwanza kama fomu hiyo imejazwa, na karatasi ya kwanza ina tarehe gani.