Je, Wajua? Sura nne kwa siku

Biblia ina sura 1,189. Soma nne kila siku, utaimaliza kabla ya miezi kumi kutimia!

Unagombania daladala Mnazi Mmoja? Zaburi ya 117 ina mistari miwili tu. Utaimaliza kabla konda hajadai nauli. Ya 119 ina mistari 176. Hiyo isome Jumamosi, taratibu, maana ni tamu.

Muda haupatikani? Danieli alipiga magoti kuomba mara tatu kwa siku, huku akijua adhabu yake ni tundu la simba.

Na Biblia ilifikaje kwenye Kiswahili? Mmisionari Krapf alianza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili mwaka 1844, Mombasa. Baadaye, Unguja, vijana waliokombolewa utumwani walipanga herufi za risasi, moja moja, kuchapa tafsiri za Askofu Steere. Biblia nzima ya Kiunguja ilitoka 1891.