Kamati ya maji: mama, toa jina lako

Wamama, huku Butembo na Beni sote tunajua nani anabeba bidoni asubuhi: ni sisi na binti zetu. Lakini siku ya kuchagua kamati ya maji tunakaa nyuma, tunapiga makofi, tunarudi nyumbani. Kisha tunalalamika kwamba bei imepanda na robine imekufa.

Kwenye mabomba yanayosimamiwa na wenyeji, bei haishuki kutoka mbinguni. Ni kamati inayoipanga, inayomlipa mlinzi wa robine na kuweka akiba ya matengenezo. Asiyekuwa ndani atapewa habari tu.

Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 48, inatupa haki ya maji safi na umeme. Kifungu cha 14 kinataka mwanamke awe na nafasi yake katika taasisi za taifa, za jimbo na za mtaa. Kwa hiyo kusimama si kiburi.

Mama akitoa jina, sisi wengine tumsaidie. Tuombe mkutano ufanyike mchana, baada ya soko. Siku hizi nani atarudi nyumbani usiku? Siku hiyo tumshikie watoto. Na asikubali kupewa kazi ya kufagia penye robine tu. Aombe sanduku la pesa, na kila mwezi asome mbele ya watu: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Hesabu hiyo tunaifanya kila siku jikoni.