Saa Ikichelewa, Muda Nao Je?

Wiki jana nikiwa Malaba, dereva mmoja wa trela aliniuliza: "Prof, ati ni ukweli ukienda mbio sana muda unapungua? Basi sisi wa foleni tutazeeka haraka!" Tulicheka, lakini swali lina uzito, kwa fizikia na kwa Kiswahili pia.

Jibu ni ndiyo. Mnamo 1905 Albert Einstein alieleza kuwa muda wa anayeenda kasi hupita polepole kuliko wa aliyetulia. Mwaka 1971 Hafele na Keating walizungusha saa za atomi duniani kwa ndege za abiria, wakakuta zimetofautiana na zilizobaki ardhini. Kwa trela, tofauti ni ndogo mno: endesha kwa saa 12 mfululizo, kilomita 80 kwa saa, na utakachookoa hakifiki hata sehemu moja ya bilioni ya sekunde.

Hata hivyo, jambo hili linamgusa dereva yule. Mihuri ya kielektroniki inayofuatilia mizigo kutoka Mombasa hutegemea satelaiti za GPS. Hizo huenda takriban kilomita 14,000 kwa saa, na kwa kasi hiyo saa zake huchelewa mikrosekunde 7 kwa siku. Ila huko juu mvutano wa dunia ni hafifu, nao huzitanguliza mikrosekunde 45. Hivyo hubaki mbele kwa 38. Bila marekebisho, kosa lingekua kwa kilomita kama 11 kila siku: trela iliyo Malaba ingeonyeshwa ndani ya Uganda!

Sasa tazama lugha. "Saa" ni kifaa, ni dakika 60, tena ni wakati wa siku. Mwanafunzi akisoma kuwa "saa huchelewa," hudhani kifaa kinahitaji fundi. La hasha! Saa ni nzima. Muda wenyewe ndio uliobadilika. Ndiyo maana napendekeza tuseme "muda hutanuka," tuiachie saa kazi ya kupima.

Na asikwambie mtu Kiswahili hakiiwezi fizikia. Katika "alipofika," kiambishi -po- ni cha wakati. Katika "anapoishi," ni cha mahali. Hilo halithibitishi nadharia ya Einstein, lakini mwalimu wa Busia anayetaka kueleza kwamba wakati na mahali havitenganiki tayari ana pa kuanzia.