Isnadi ya Takwimu

Katika mwaka 1876 kilichapishwa mjini London kitabu cha tabibu mmoja wa Kiskoti, James Christie, aliyekuwa akitibu watu Unguja katika zama za Masultani, na madhumuni ya kitabu hicho yalikuwa kueleza jinsi kipindupindu kilivyoingia na kuenea Afrika ya Mashariki mara baada ya mara, tangu mwaka 1821 hadi 1872. Christie hakuwa na idara ya takwimu wala daftari la vifo la kutegemea. Alichokuwa nacho ni masikio, subira, na bahati ya kukaa katika mji wa biashara ambao kaskazi na kusi ziliuletea manahodha, na misafara ya bara iliuletea wapagazi. Wote hao aliwahoji: maradhi yalionekana wapi, mwezi gani, na nani aliyekuarifu? Kwa kuunga jawabu na jawabu alipata kubainisha kwamba wimbi lililoupiga mji wa Unguja mwishoni mwa 1869 lilishuka kwa njia ya nchi kavu kutoka kaskazini, likapita katika nchi ya Wamasai, likafika Pangani, na ndipo likavuka bahari.

Kazi iliyomgharimu tabibu yule miaka, leo humchukua mtu mwenye simu ya mkononi muda wa kunywa kikombe cha kahawa. Shirika la Afya Duniani lina hazina yake ya takwimu iliyo wazi kwa kila mtu. Benki ya Dunia inayo ya kwake. Tafiti za kaya zilizofanywa katika nchi nyingi zimewekewa zana iitwayo STATcompiler, ambamo mtu huchagua nchi, kisha kiashiria, kisha miaka, na papo hapo hupewa jedwali, grafu au ramani, apendavyo. Mwandishi wa habari, diwani, mwanafunzi na mwanaharakati wanaweza sasa kuingia katika mjadala wa sera ya afya wakiwa na hoja mkononi, jambo ambalo zamani lilikuwa la wachache wenye funguo za makabati ya serikali. Hata hivyo, kati ya yale maswali matatu ya Christie, zana hizi hujibu upesi mawili ya kwanza, wapi na lini. Kwa la tatu, nani aliyekuarifu, aghalabu hukaa kimya mpaka ziulizwe.

Wanazuoni wa hadithi za Mtume waliliita jambo hili isnadi, yaani mlolongo wa wapokezi, fulani kutoka kwa fulani, na maneno hata yakiwa mazuri namna gani hayakukubaliwa mpaka mlolongo wake upimwe. Muradi wa makala haya ni kwamba takwimu ya afya nayo ina isnadi yake, na kwamba intaneti, ijapokuwa imetufupishia mno njia ya kuifikia tarakimu, haikutuondolea wajibu wa kujua imepokewa kutoka kwa nani.

Basi tuanze na mpokezi wa kwanza. Naye ni muuguzi wa zahanati, asubuhi ya kliniki ya watoto, akina mama wamejaa barazani na mizani imening'inia. Mbele yake ipo rejista ya MTUHA, ambayo ni kifupi cha Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, kitabu kipana chenye safu nyingi; kando yake ipo karatasi ya kujumlishia, ambayo kwa kila mtoto aliyechanjwa huchorwa kijiti kimoja, na kijiti cha tano hulazwa juu ya vinne vilivyotangulia kama kamba juu ya tita la kuni. Mkono ule ule uchorao vijiti ndio uchomao sindano, ndio uandikao kadi, na ndio umtulizao mtoto aliaye. Mwisho wa mwezi vijiti huhesabiwa, jumla huandikwa katika fomu, na fomu huingizwa katika kompyuta, ama pale pale kituoni ama katika ofisi ya Mganga Mkuu wa wilaya. Programu ipokeayo hesabu hizo Tanzania, Kenya na katika mataifa mengine mengi huitwa DHIS2. Chimbuko lake ni Afrika Kusini ya miaka ya 1990, baada ya kuanguka kwa ubaguzi wa rangi, kwa ushirikiano wa wataalamu wa huko na Chuo Kikuu cha Oslo, na Kenya iliieneza nchi nzima kwa njia ya intaneti katika mwaka 2011.

Atazamaye ramani ya rangi katika kioo cha kompyuta hana budi kukumbuka vile vijiti. Mwezi ambao vituo kadhaa vya wilaya havikuleta fomu, malaria katika grafu huonekana imepungua, ilhali kilichopungua ni karatasi. Kwa sababu hiyo mfumo kama DHIS2 huonyesha pia kiwango cha ukamilifu wa taarifa, yaani ni vituo vingapi vilivyoripoti kati ya vilivyotarajiwa, na mtafiti mwangalifu hukitazama kiwango hicho kabla ya kuutazama ugonjwa wenyewe.

Fauka ya hayo, kila asilimia ni sehemu, na kila sehemu ina namba mbili. Walimu wetu wa hesabu huiita ile ya juu kiasi na ile ya chini asili, na jina hili la pili limesibu, kwa kuwa makosa mengi ya takwimu za afya asili yake ni asili. Idadi ya watoto waliochanjwa hutoka katika vijiti. Idadi ya watoto waliopaswa kuchanjwa hutoka katika sensa. Sensa ya Tanzania ya mwaka 2012 ilihesabu watu 44,928,923, na ya mwaka 2022 ikahesabu 61,741,120. Katika miaka kumi iliyo kati, wilaya zilipangiwa hesabu za watoto kwa makadirio, nayo makadirio hayawezi kujua kwamba machimbo mapya yamevuta watu huku, au kwamba ukame umewahamisha kule. Ndipo hutokea wilaya ikaripoti kuchanja asilimia 110 ya watoto wake, jambo ambalo kiakili ni muhali, ingawa hakuna aliyedanganya: muuguzi amehesabu sawasawa, ila asili iliyowekwa chini ya hesabu yake ni ndogo kuliko kweli.

Mahali rejista zisipofika hutumwa wadadisi wa kaya, na hapa isnadi huchukua sura nyingine. Vifo vya uzazi ni mfano ulio bora, kwa sababu kifo kilichotokea nyumbani au njiani huenda kisiandikwe katika kitabu chochote. Katika utafiti wa afya ya uzazi, mdadisi huketi na mwanamke, akamwomba awataje ndugu zake wote waliozaliwa na mama mmoja naye, mmoja baada ya mwingine kwa mpangilio wa kuzaliwa, nani yu hai na nani amefariki. Na kwa kila dada aliyefariki huuliza kama alikuwa mjamzito, au alifia katika kujifungua, au katika siku zilizofuata. Tarakimu ya taifa zima, ile inayosomwa bungeni, imejengwa juu ya majibu hayo, juu ya mwanamke aliyenyamaza kidogo kabla ya kulitaja jina la dada yake.

Sasa mtu afungue zana hizi atafute vifo vya uzazi Tanzania. Utafiti wa mwaka 2015-16 utampa vifo 556 kwa kila vizazi hai 100,000. Utafiti wa mwaka 2022, uliowahoji wanawake zaidi ya 15,000, utampa 104. Akihamia katika makadirio ya mashirika ya Umoja wa Mataifa yaliyotolewa mwaka 2023, atakuta kwa mwaka 2020 imeandikwa 238. Msomaji mwenye pupa atauliza nani mwongo, na mwenye shabaha ya siasa atachagua ile impendezayo, akiwa wa serikali 104, akiwa wa upinzani 238, na kila mmoja ataweka kiungo cha tovuti chini yake na kujiona amethibitisha. Mwenye kufuata isnadi atakuta sababu. Vifo vya uzazi, ijapokuwa ni msiba mkubwa, ni vichache ndani ya kaya elfu kadhaa zilizoteuliwa, hivyo kila tarakimu ya utafiti husimama katikati ya masafa mapana ya makisio. Utafiti huangalia miaka kadhaa iliyopita wala hautazami mwaka mmoja. Na mashirika ya kimataifa huchanganya vyanzo vingi kwa kanuni za hisabati, yakirekebisha vifo yanavyodhani vimesahauliwa au vimewekwa penginepo. Tarakimu zote tatu zaelekeza upande mmoja, kwamba hali imekuwa bora. Zinapohitilafiana ni katika kipimo cha ubora huo. Mwandishi mwaminifu huyaandika yote mawili, makubaliano na hitilafu.

Tahadhari hiyo hiyo yahitajiwa katika fedha. Mwezi Aprili mwaka 2001, viongozi wa Afrika walikutana Abuja wakaahidi kutenga angalau asilimia 15 ya bajeti za serikali zao kwa afya, na tangu siku hiyo ahadi hiyo imekuwa fimbo mikononi mwa watetezi. Lakini katika hazina ya Shirika la Afya Duniani ihusuyo matumizi ya afya, safu zimekaa jirani jirani: moja ni sehemu ya pato la taifa itumikayo kwa afya, nyingine ni sehemu ya matumizi ya serikali, nyingine ni kile wanachotoa wagonjwa mifukoni mwao. Atakayeona asilimia 5 katika safu ya kwanza akatangaza kwamba serikali imetimiza theluthi tu ya ahadi ya Abuja, atakuwa amepima kitambaa kwa kibaba, kwa kuwa safu hiyo imejumlisha fedha za serikali, za wafadhili na za mgonjwa aliyeuza mbuzi ili alipie upasuaji.

Baada ya kupata, kuna kuonyesha, na jicho hudanganyika upesi kuliko akili. Tukiichora ramani ya wagonjwa wa kifua kikuu mkoa kwa mkoa na kuutia rangi nzito kila mkoa wenye wagonjwa wengi, Tabora, ambao eneo lake lapita kilomita za mraba 70,000, utayajaza macho. Dar es Salaam, ambao kilomita zake za mraba hazifiki 1,500, utakuwa kama tone la wino kando ya bahari. Na bado sensa ya 2022 ilikuta Dar es Salaam watu milioni 5.38, na Tabora milioni 3.39. Ramani imehesabu ardhi, nasi tulitaka kuhesabu watu. Dawa yake ni kuonyesha uwiano kwa kila watu 100,000 badala ya jumla tupu, au kuiacha ramani na kupanga mikoa kwa nguzo, mrefu juu na mfupi chini.

Nguzo nazo zina adabu yake. Udumavu wa watoto wa chini ya miaka mitano Tanzania ulikuwa asilimia 34 katika utafiti wa 2015-16, ukawa asilimia 30 mwaka 2022. Nguzo zikianzia sifuri, ya pili itaonekana fupi kidogo kuliko ya kwanza, na hivyo ndivyo ilivyo. Zikianzia 28, ya kwanza itakuwa na kimo cha sita na ya pili cha mbili, na atazamaye kwa haraka ataapa kwamba udumavu umebaki theluthi yake. Hakuna tarakimu iliyogeuzwa. Umekatwa mguu wa grafu tu.

Aliyeujua ufundi huu kuliko wengi ni Hans Rosling, mtaalamu wa Kiswidi aliyefariki mwaka 2017, ambaye viputo vyake vya rangi, vikipanda na kushuka katika kioo, viliwafanya watu wakodolee macho takwimu kama watazamao mpira. Wengi wamkumbukao hawajui kwamba kabla ya viputo alikuwa daktari Nacala, Msumbiji, akichunguza kupooza kwa miguu kulikowakumba wenye kula mihogo michungu isiyoondolewa sumu. Alikwisha kuketi na wapokezi wa kwanza.

Basi kila mchoro na uwe na mstari mmoja chini yake: nani aliyekusanya, mwaka gani, kwa kuwauliza akina nani, na siku uliyoichukua takwimu hiyo. Mstari huu si pambo. Mapema mwaka 2025, Marekani ilipositisha misaada yake, programu ya zile tafiti za kaya zenye STATcompiler, iliyoanza mwaka 1984, ilisimamishwa, na waliozoea kuichota takwimu kama maji ya bomba walitambua kwamba bomba lina mwenyewe. Aliyehifadhi nakala yenye tarehe hakupungukiwa kitu. Na programu zijibuzo maswali kwa ufasaha, zikakupa asilimia bila kutaja chanzo, ziulize isnadi. Zikishindwa, tarakimu hiyo iache hapo hapo ulipoikuta.

Tena, ukijaliwa kupita katika zahanati, tazama ukutani. Aghalabu utaona karatasi ya chanjo iliyochorwa kwa mkono, mstari mmoja wa lengo ulionyooka na mwingine wa kalamu upandao mwezi kwa mwezi, pengine ukilala mwezi wa mvua ambao barabara ilikatika. Linganisha mstari huo na ule ulio katika simu yako. Ikiwa imelingana, mlolongo ni mzima. Ikiwa imehitilafiana, mwenye kujua sababu ameketi pale mezani, na huenda wewe ukawa mtu wa kwanza kumuuliza.