Kuchagua Kompyuta Mpakato Itakayodumu Chuoni

Soma makala haya kwa makini, kisha ujibu maswali yaliyo mwishoni.

Mtihani wa Kidato cha Nne ukishamalizika mwezi wa Novemba, utakuwa na muda wa kusubiri matokeo. Katika kipindi hicho nyumbani huanza mazungumzo ya chuo, na hayachukui muda kabla ya kufika kwenye kompyuta. Pengine mama amepokea zamu yake ya kibati, mjomba aliyeko Muscat ameahidi kuchangia, na wewe umeshaiona mashine inayong'aa katika duka moja la Darajani. Fedha hiyo si rahisi kupatikana mara mbili. Mashine ikiharibika mwaka wa kwanza, miaka iliyobaki utasoma kwa kuazima ya wenzako, nao wana kazi zao.

Makala haya yanaeleza namna ya kuchagua kompyuta mpakato itakayokufikisha mwisho wa masomo. Jambo la msingi la kushika ni hili: mashine haidumu kwa sababu ni mpya au ni ya bei kubwa. Hudumu ikiwa inaweza kuvumilia mambo yanayoua mashine mahali unapoishi, na ikiwa fundi aliye karibu nawe anaweza kuitengeneza. Hapa Unguja mambo hayo ni matatu: hewa ya bahari, umeme na safari.

1. Jua kwanza unakwenda wapi

Usinunue kabla ya kujua utasoma nini. Ukichaguliwa kuendelea na Kidato cha Tano, kompyuta yako mwenyewe si jambo la lazima, na fedha inaweza kusubiri. Ukienda Taasisi ya Karume ya Sayansi na Teknolojia kule Mbweni kusomea uhandisi, huenda ukahitaji mashine yenye nguvu ya kuendesha programu za michoro. Ukienda Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA, kwa cheti au stashahada ya utawala au ualimu, kazi yako kubwa itakuwa kuandika, kusoma na kutafuta maarifa kwenye intaneti. Soma maelekezo ya kujiunga, au muulize mwanafunzi wa mwaka wa pili wa kozi hiyo.

2. Hewa ya bahari

Katika Kemia umejifunza kuwa chuma hupata kutu kinapokutana na maji na oksijeni, na kwamba chumvi huharakisha jambo hilo. Upepo wa baharini hubeba chembe ndogo za chumvi. Feni ya kompyuta huvuta hewa ili kuipoza mashine, na pamoja na hewa hiyo huingiza vumbi na chumvi.

Chumvi ikiwa kavu haina madhara makubwa. Tatizo ni unyevu. Unyevu wa hewa unapofikia takriban asilimia 75, chembe ya chumvi huanza kunyonya maji kutoka hewani mpaka iyeyuke. Hiyo ndiyo sababu chumvi ya jikoni hulowa koponi wakati wa masika. Jambo hilohilo likitokea juu ya bodi kuu ya kompyuta, ambayo mafundi huiita mazabodi, unapatikana ute wa maji ya chumvi unaopitisha umeme. Njia nyembamba za shaba huliwa polepole, na siku moja mashine haiwaki. Kwa mkaazi wa Shangani, Malindi, Nungwi au Makunduchi hatari hii ipo karibu mwaka mzima. Nyumba nyingi za Mji Mkongwe nazo zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na kuta zake hushika unyevu.

Kwa hiyo, unapochagua, angalia mambo haya:

(a) Kibodi inayohimili maji kumwagika. Baadhi ya mashine zina utando chini ya vitufe na mikondo ya kutolea maji.

(b) Bawaba za kioo. Fungua na ufunge mara kadhaa. Bawaba zisilegee wala zisitoe mlio, na kioo kisitikisike ovyo.

(c) Kifuniko cha chini kinachofunguka kwa skrubu za kawaida, ili fundi aweze kusafisha feni mara moja au mbili kwa mwaka.

Baadhi ya mashine hubandikwa maandishi MIL-STD-810. Hiyo ni kanuni ya majaribio ya jeshi la Marekani, yenye majaribio ya kuanguka, joto, vumbi, unyevu na hata ukungu wa chumvi. Zingatia kwamba mtengenezaji ndiye anayechagua majaribio ya kufanya, na jeshi halimpi cheti chochote. Maandishi hayo peke yake hayakwambii kama mashine imejaribiwa kwa chumvi. Tafuta orodha ya majaribio yenyewe katika maelezo ya mtengenezaji.

Kuna jambo moja zaidi ambalo wanafunzi wengi hawalijui. Ukitoka na mashine katika chumba chenye kiyoyozi na kuifungua nje kwenye joto na unyevu, umande huweza kutanda juu yake, kama unavyotanda kwenye chupa ya soda iliyotoka kwenye friji. Iache ndani ya mkoba uliofungwa kwa muda wa nusu saa, ipate joto la nje, ndipo uiwashe.

3. Umeme

Umeme wa Unguja hutoka Tanzania Bara kwa waya uliopita chini ya bahari na kuingia kisiwani Fumba. Kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, kwa muda wa miezi mitatu hivi, kisiwa kilikosa umeme huo baada ya hitilafu kutokea katika mfumo huo. Mwaka 2013 ulizinduliwa waya mpya wa megawati 100 kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba, na hali ikawa bora. Hata hivyo, kukatika kwa umeme kwa muda mfupi na kupanda na kushuka kwa nguvu yake bado ni mambo ya kujiandaa nayo.

Soma maandishi madogo yaliyo kwenye chaja. Yakisema 100–240V, chaja hiyo inaweza kufanya kazi hata umeme ukipungua mpaka taa zikafifia. Jambo la kuogopa zaidi ni umeme kurudi kwa kishindo. Umeme ukikatika, chomoa chaja, au tumia kifaa cha kulinda umeme ambacho wengi hukiita gadi. Soketi zetu ni za miguu mitatu ya bapa, sawa na za Dubai. Mashine iliyotoka Ulaya huja na plagi ya miguu ya duara, hivyo omba ubadilishiwe waya kamili. Kilemba kilicholegea hutoa cheche.

Betri nayo ipimwe kwa hesabu, si kwa maneno ya muuzaji. Uwezo wake huandikwa kwa wati-saa, yaani Wh. Chukua mfano huu:

Betri ina 45 Wh, na mashine inatumia wastani wa wati 9.
Muda = 45 ÷ 9 = saa 5.

Betri nyingi za kawaida za lithiamu hubakiwa na takriban asilimia 80 ya uwezo wake baada ya kuchajiwa kikamilifu mara 300 hadi 500. Betri ya mfano wetu itabakiwa na 36 Wh, na muda utakuwa saa 4. Joto huharakisha kuchoka huko, kwa hiyo usiiweke mashine juu ya godoro ikiwa inawaka. Godoro huziba njia ya hewa.

Ukipata mashine inayochajiwa kwa tundu la USB-C, ni bora zaidi. Chaja ya aina hiyo yenye wati za kutosha ni rahisi kuipata ile ya kwanza ikifa. Chaja yenye kichwa cha aina ya peke yake inaweza kukulazimisha kusubiri mzigo kutoka Dar es Salaam.

4. Safari

Mwanafunzi anayetoka mjini kwenda Tunguu atapanda daladala kila siku, na wa shamba huenda akapanda chai maharage yenye viti vya mbao. Mashine itatikiswa na itabanwa, na pengine mkoba utaanguka.

Diski ya zamani ina sahani inayozunguka, nyingi mara 5,400 kwa dakika, na kichwa cha kusomea kilicho karibu mno na sahani hiyo. Ikipata kishindo wakati inazunguka, huweza kukwaruzika, na kazi zako zikapotea. Hifadhi ya SSD haina sehemu inayozunguka, na pia hufanya kazi kwa kasi zaidi. Kwa mwanafunzi wa kupanda daladala, SSD ni sharti. Bonyeza kidogo mgongo wa kioo: mashine ambayo kioo chake kinapinda kwa kidole haitavumilia mkoba uliojaa vitabu.

5. Ndani ya mashine

Mashine inaweza kubaki nzima na bado isikufae. Microsoft iliacha kutoa masasisho ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inahitaji angalau RAM ya GB 4, hifadhi ya GB 64 na chipu ya usalama ya TPM 2.0. Kwa mashine za Intel, prosesa kwa kawaida iwe ya kizazi cha 8 au zaidi, na kizazi hicho kilianza kutoka mwaka 2017.

Hapa ndipo wengi hunasa. Dukani utaona mashine mpya kabisa, nyembamba, ya bei nafuu, yenye RAM ya GB 4 na hifadhi ya GB 64. Imetimiza kiwango cha chini tu. Baada ya masasisho machache hifadhi hujaa, na mara nyingi RAM imechomelewa kwenye bodi, haiongezeki. Kwa kazi za kawaida za chuo tafuta RAM ya GB 8 na SSD ya GB 256. Kwa michoro ya uhandisi, RAM ya GB 16 inafaa zaidi.

6. Fedha isipotosha

Kama fedha haitoshi kununua mashine mpya yenye sifa hizo, usikimbilie mpya dhaifu. Mashine za ofisini zilizotumika, kama vile ThinkPad za Lenovo, Latitude za Dell na EliteBook za HP, ziliundwa kwa kazi nzito, na nyingi hufunguka kwa urahisi. Lakini ipime kabla ya kulipa. Katika Windows, fungua dirisha la amri na uandike powercfg /batteryreport. Mashine itatoa ripoti ya uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo wake wa sasa. Kwa mashine nyingi, ripoti huonesha pia idadi ya machajio. Mashine inayouzwa kuwa ni mpya huku betri imeshachajiwa mara 200 si mpya, hata kama bado ina nailoni.

7. Dukani

Nenda na mtu mzima, na ikiwezekana na fundi mnayemwamini. Salimia, kisha uliza bila haya: "Kaka, ikiharibika naileta hapa hapa au inapelekwa Dar es Salaam? Nauli ya mzigo analipa nani? Dhamana ni ya miezi mingapi, na imeandikwa wapi?" Dhamana ya mdomo haina nguvu. Risiti iandikwe jina la duka, tarehe na namba ya mashine, na namba hiyo ilingane na iliyo chini ya mashine. Ukiuziwa kitu tofauti na ulichoahidiwa, risiti ndiyo itakayokusaidia kupeleka malalamiko kwenye Tume ya Ushindani Halali wa Biashara Zanzibar.

Kabla ya kulipa, ingia kwa fundi wa mtaani kwenu umwulize kama anapata betri, kibodi na kioo cha aina hiyo. Akisema hajawahi kuifungua, tafuta aina nyingine. Mashine nzuri isiyo na fundi kisiwani haitakufaa siku itakapoharibika.

Muhtasari

Jua kozi yako kwanza. Chagua mashine inayofunguka, yenye SSD, RAM ya kutosha, chaja inayopatikana na dhamana iliyoandikwa. Ilinde na chumvi, unyevu na umeme unaorudi kwa kishindo. Usiharakishwe na rangi wala wembamba.

Maswali ya kujipima

1. Kwa mujibu wa makala, ni mambo gani mawili yanayoifanya kompyuta mpakato idumu?

2. Eleza kwa nini chumvi huiharibu zaidi mashine wakati wa masika kuliko wakati wa kiangazi.

3. Betri ina 54 Wh na mashine inatumia wastani wa wati 12. Itadumu kwa saa ngapi? Ikibakiwa na asilimia 80 ya uwezo wake, itadumu kwa saa ngapi?

4. Mwenzako amenunua mashine yenye maandishi MIL-STD-810 na anasema haiwezi kupata kutu. Mjibu kwa sentensi tatu.

5. Andika barua kwa mjomba wako aliyeahidi kukununulia kompyuta. Mtajie sifa nne unazozihitaji na umweleze sababu ya kila moja.