Kimya cha Darasani Kina Sababu Zake

Mtoto wa kijijini wilayani Ruangwa anaujua ubwiriunga, ugonjwa wa mikorosho unaoletwa na kuvu, kabla hajafika Kidato cha Kwanza. Amewaona wazazi wakipulizia salfa mikorosho inapochanua, na anaweza kukueleza ua lililoshambuliwa linavyokuwa. Mtoto huyohuyo akiulizwa darasani, kwa Kiingereza, kuvu ni viumbe wa namna gani, anainamisha kichwa. Mwalimu anaandika jibu ubaoni, darasa linanakili, kengele inalia.

Kimya hicho kimefanyiwa utafiti mkoani Lindi. Katika muongo uliopita Chuo Kikuu cha Dodoma, Chuo Kikuu cha Aga Khan na Chuo Kikuu cha Bristol cha Uingereza, pamoja na Taasisi ya Elimu Tanzania, waliendesha mradi katika sekondari za vijijini za mikoa ya Lindi, Dodoma na Morogoro. Miongoni mwa watafiti alikuwamo Casmir Rubagumya, mwanaisimu aliyeandika kwa miaka mingi kuhusu lugha ya kufundishia. Walikuta wanafunzi wengi wa Kidato cha Kwanza hawawezi kusoma na kuelewa vitabu vyao vya kiada, kwa kuwa Kiingereza chake kimewazidi mno. Haishangazi. Mtoto amesoma miaka saba kwa Kiswahili, kisha karibu kila somo linabadilika lugha. Na kwa familia nyingi za Nachingwea na Ruangwa, zinazozungumza Kimwera, Kimakonde au Kiyao nyumbani, huko ni kuhama lugha kwa mara ya pili.

Watafiti waliandaa vitabu vya majaribio vya Biolojia, Hisabati na Kiingereza, vyenye sentensi fupi, picha nyingi, istilahi zilizofafanuliwa kwa Kiswahili, na kazi za kuwafanya wanafunzi wazungumze. Wanafunzi hujadili dhana kwanza kwa Kiswahili, halafu husaidiwa kuisoma na kuiandika kwa Kiingereza. Wapo wazazi na walimu wanaohofu kwamba Kiswahili kikiingia darasani Kiingereza kitakufa. Sikubaliani nao hata kidogo. Aliyekwisha kuelewa kuvu kwa Kiswahili amebakiwa na kazi moja, ya kujifunza namna ya kulisema jambo analolijua. Asiyeelewa anabebeshwa dhana ngeni na lugha ngeni kwa mpigo, na kinachomsalimisha ni kukariri.

Lakini hata lugha ikieleweka, fimbo nayo hufunga mdomo. Mabula Nkuba wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Dar es Salaam, akishirikiana na watafiti wa Ujerumani, alifanya jaribio katika sekondari 8 za serikali nchini, matokeo yakachapishwa mwaka 2018. Walimu wa baadhi ya shule hizo, zilizochaguliwa kwa bahati nasibu, walipata mafunzo ya siku chache kuhusu athari za vipigo na njia nyingine za kusimamia nidhamu. Miezi kadhaa baadaye ukatili wa walimu dhidi ya wanafunzi ulikuwa umepungua katika shule hizo kuliko katika zile ambazo hazikupata mafunzo. Kanuni za serikali zinaweka kikomo cha viboko vinne, tena kwa idhini ya mkuu wa shule. Kwa maoni yangu hata hivyo vinne ni vingi, maana anayechapwa kwa kukosea jibu hujifunza kutojibu.

Kuna la wazazi pia. Mpango wa EQUIP-Tanzania, ulioanza mwaka 2014 na Lindi ikiwa mmoja wa mikoa yake, uliwatumia wasaidizi waliotoka vijijini kuwaandaa watoto kwa darasa la kwanza kupitia hadithi na michezo ya Kiswahili, ukaanzisha na ushirikiano wa wazazi na walimu shuleni. Mzazi asiyejua Kiingereza anaweza kabisa kumuuliza mtoto jioni, kwa Kimwera, leo umefundishwa nini.

Nachingwea ina chuo chake cha ualimu. Nawaomba wakufunzi wake wawafundishe walimu wanafunzi mbinu hizi kabla hawajakwenda mazoezini, na wakuu wa shule za wilaya za Nachingwea na Ruangwa wawaachie walimu dakika kumi za kila kipindi, watoto wajadili somo kwa lugha wanayoielewa, pasipo fimbo mezani.