Themostati Haina Kosa: Joto la Injini Kutoka Baraka Hadi Minembwe

Gari likichemka mlimani, wa kwanza kushtakiwa ni themostati. Fundi anafungua kava pale mpira wa rejeta unapoingia kwenye injini, anachomoa kile kichuma chenye springi, anakigeuza mara moja mkononi, anakitupa kwenye kopo la misumari na kufunga kava tupu. Maji yapite bila kizuizi, basi. Hukumu hiyo imetolewa katika magereji mengi kuanzia Mombasa hadi Uvira, na madereva wengi wameipokea kwa shukrani. Wapo pia waliosikia habari za magari ya mbio. Hao hawaitupi, wanatafuta ya digrii 71 waiweke mahali pa ile ya 82, wakiamini injini ikiwa ya baridi itakuwa salama na itakimbia zaidi.

Njia ya kutoka Baraka, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, kupanda hadi Minembwe kwenye nyanda za juu za Fizi, mashariki mwa Kongo, ni mahali pazuri pa kuyapima makundi haya mawili. Unaanza kwenye mita zipatazo 770 juu ya usawa wa bahari, kwenye joto la ziwa, na unamaliza juu ya mita 2,000, kwenye baridi inayodai koti. Katikati ni miinuko, tope na gia ya kwanza. Gari linakwenda polepole kiasi kwamba hakuna upepo wa mwendo unaofika kwenye rejeta. Kazi yote imeachiwa feni.

Tuanze na kifaa chenyewe. Ndani ya themostati hamna umeme. Kuna kikopo cha shaba nyeupe au njano kilichojazwa nta, na ndani ya nta hiyo kumezamishwa kipini. Nta ikiwa ngumu mlango umefungwa, na maji yanazunguka ndani ya injini peke yake ili ipate joto haraka. Nta ikiyeyuka inatanuka, inasukuma kipini, mlango unaishinda springi na maji ya moto yanakwenda kwenye rejeta. Digrii zinaamuliwa na aina ya nta iliyochanganywa kiwandani. Ubunifu huu ni wa Sergius Vernet, mwaka 1934. Kabla ya hapo magari yalitumia mfuko wa shaba wenye mikunjo, uliotiwa maji yanayochemka upesi kama spiriti: yakichemka, mfuko unarefuka na kufungua njia. Kasoro yake ilikuwa kwamba mfuko uliathiriwa na mgandamizo wa nje, kwa hiyo ulifunguka kwa joto moja ufukweni na kwa joto jingine mlimani. Nta haijali mwinuko. Themostati ya 82 inaanza kufunguka kwenye 82 Baraka, na kwenye 82 Minembwe.

Neno muhimu hapo ni “inaanza”. Nambari iliyopigwa chapa kwenye chuma ni ya mwanzo tu; mlango unafunguka wote kabisa digrii kumi na kitu baadaye. Ya 82 inakuwa wazi kabisa karibu na 95, ya 88 karibu na 100. Na ikishakuwa wazi kabisa, haina tena la kusema. Kuanzia hapo joto la injini linategemea rejeta, feni, pampu ya maji na mzigo uliopakia. Themostati kazi yake ni kuzuia injini isipoe mno. Kuizuia isipate joto mno si kazi yake, na ukiweka ya 71 kwenye gari lenye rejeta iliyoziba, litachemka vilevile, ila litachelewa dakika chache.

Nta haijali mwinuko, lakini maji yanajali sana. Maji yanachemka kwa digrii 100 usawa wa bahari, na kila ukipanda mita 300 hivi unapoteza digrii moja. Baraka yanachemka kwenye 97 na kidogo. Minembwe ni kati ya 91 na 93. Aliyewahi kupika maharage Baraka kisha akahamia juu anajua kuni zinavyoisha na maharage bado ni magumu: maji yanatokota kwa fujo lakini hayana moto wa kutosha. Dawa yake jikoni ni sufuria ya presha, na rejeta nayo ina presha yake. Iko kwenye mfuniko.

Mfuniko wa rejeta una springi na mpira wa kuzibia, na juu yake mara nyingi pameandikwa 0.9 au 1.1. Hizo ni bar. Sifuri nukta tisa ni karibu sawa na mgandamizo wa hewa yote inayotulemea pale Baraka, kwa hiyo mfuniko mzima unaufanya mgandamizo ndani ya rejeta uwe karibu mara mbili. Maji ambayo yangechemka kwenye 97 sasa hayachemki mpaka 117 hivi. Minembwe, na mfuniko uleule, ni 114 hivi. Tofauti ni ndogo, na injini inabaki na nafasi kubwa ya kuhema.

Sasa chukua mfuniko ambao mpira wake umekauka, au, kama tunavyoona kila siku, kipande cha plastiki kilichofungwa kwa kamba. Presha hakuna. Huko juu maji yanachemka kwenye 92, wakati themostati ya 82 bado haijafunguka yote, na ya 88 ndiyo kwanza inafumbua jicho. Mvuke unatoka, maji yanamwagika, dereva anateremka na galoni. Fundi akiondoa themostati hali inapata nafuu kidogo, na hapo ndipo imani inapozaliwa. Aliyekosa ni mfuniko. Aliyefungwa ni themostati.

Mkasa unazidi pale fundi anapotaka kuipima kwa uaminifu. Anaichemsha kwenye sufuria, anasubiri. Njia hiyo ni nzuri kabisa ukiwa Dar es Salaam. Minembwe, themostati nzima ya 88 itapanua mlango kwa upana wa ukucha na kuishia hapo, kwa sababu maji ya sufuria hayatafika 100 hata ukiongeza kuni usiku kucha. Itaitwa mbovu nayo ni mpya. Anayepima huko juu na awe na kipimajoto, na aangalie tu inaanza kufunguka kwenye digrii ngapi.

Kuitoa kabisa kuna hasara mbili. Ya kwanza iko kwenye injini nyingi za Toyota. Themostati yake ina sahani mbili: moja inafungua njia ya rejeta, ya pili inaziba njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi daima, na sehemu ya maji ya moto inarudi ndani bila kuiona rejeta. Ndiyo maana magari mengine yaliyotolewa themostati huchemka zaidi kwenye mlima mrefu, jambo linalowachanganya wenyewe.

Ya pili haionekani kwa macho. Miaka ya 1930 huko Uingereza mtafiti C. G. Williams alichunguza kulika kwa silinda, na utafiti wake ukachapwa na taasisi ya wahandisi wa magari mwaka 1940. Alionyesha kwamba kuta za silinda zikiwa baridi zinalika kwa kasi, na chanzo kikubwa ni kutu: mvuke wa mwako unaganda ukutani pamoja na asidi. Mazutu, yaani dizeli, yenye salfa nyingi yanaongeza asidi hiyo. Asubuhi ya Minembwe, injini isiyo na themostati inaweza kutembea saa nzima kabla ya kupata joto lake. Oili inabaki nzito, maji yanajichanganya nayo, ringi zinaisha.

Vipi basi wale wa magari ya mbio? Wana sababu, lakini ni ya petroli. Injini ya petroli iliyobanwa sana hugonga ikipata joto, na digrii chache pungufu zinampa fundi nafasi ya kusogeza moto wa plagi mbele. Safari Rally, iliyoanza 1953 na leo inapiga kambi Naivasha kwenye mita 1,900 hivi, haiamuliwi na themostati. Dizeli yenyewe huwaka kwa joto; ukiipoza unaiibia.

Mashine ndogo za kusaga zenye tangi la maji lililo wazi hazina themostati kabisa. Maji yanachemka tu, na kuchemka ndiko kunakoshikilia joto. Huko juu zinafanya kazi zikiwa na baridi ya digrii tano zaidi kuliko za ziwani.

Kwa gari la dizeli linalopanda Minembwe, weka themostati ya digrii iliyoandikwa kwenye kitabu cha injini, kitundu chake cha kutolea hewa kikiwa juu. Na kabla hujatoa hela ya themostati, nunua kwanza mfuniko wa rejeta wenye nambari ileile ambayo gari lilitoka nayo kiwandani. Usiufungue injini ikiwa ya moto.